Piano ya Mozart Haikuwa Piano Changa

Historia ya piano husimuliwa mara nyingi kama ngazi: chini klavikodi, juu yake hapsikodi, kisha piano za karne ya 18, na kileleni piano ya leo yenye vibonye 88. Vyombo vyenyewe vinaikanusha simulizi hiyo. Katika hapsikodi, ncha ya unyoya hukwanyua waya. Ubonyeze kwa nguvu au kwa upole, sauti hubaki karibu ile ile. Katika klavikodi, kipande cha shaba huugusa waya na kubaki hapo hadi kidole kiondoke, kwa hiyo mpigaji aweza kukuza sauti, kuipunguza, hata kuitetemesha baada ya kuipiga. Piano ya leo, pamoja na ukubwa wake wote, hailiwezi hilo la mwisho: nyundo ikishagonga huanguka, na kidole hakina tena amri juu ya sauti. Ndiyo maana C.P.E. Bach, katika kitabu chake cha 1753, alishikilia kwamba klavikodi ndiyo inayompima mpigaji barabara. Kasoro yake ni unyonge wa sauti. Maongezi ya chumbani tu huifunika.

Bartolomeo Cristofori, fundi wa akina Medici huko Florence, alitafuta chombo chenye nguvu zaidi ya klavikodi lakini kinachotii kidole, na kufikia 1700 alikuwa amekipata. Piano zake, na hata zile za Anton Walter wa Vienna ambazo Mozart alizipenda, zilikuwa na kiunzi cha mbao, nyaya nyembamba na vinyundo vidogo vilivyovikwa ngozi. Sauti ilitoka upesi na kufifia upesi, na noti za chini zilisikika wazi. Kisha kumbi zikapanuka. Alpheus Babcock wa Boston akasajili fremu ya chuma mwaka 1825, Steinway wakapishanisha nyaya mwaka 1859, sufu iliyoshindiliwa ikachukua nafasi ya ngozi, na leo nyaya zote kwa pamoja huvuta kwa uzito wa tani 20 hivi. Nguvu hiyo ina gharama. Beethoven aliagiza sehemu ya kwanza ya sonata iitwayo ya Mbalamwezi, iliyochapishwa 1802, ipigwe yote bila vizimio vya nyaya. Ukimtii neno kwa neno kwenye piano ya leo, sauti hurundikana na kuvurugika. Wapigaji wengi hulazimika kuidanganya pedali inayoviinua vizimio hivyo.

Atakayepinga atasema watunzi wenyewe walilalamika. Ni kweli: J.S. Bach aliziona piano za awali za Gottfried Silbermann kuwa nzito kwa vidole na dhaifu kwenye noti za juu, naye Beethoven hakuchoka kudai sauti kubwa zaidi. Lakini kurekebisha kasoro si kubadili lengo. Silbermann alizitengeneza upya, Bach akaridhika, na hakuna aliyehitaji chuma kwa hilo. Wala wakati huo si wote walioiona piano kuwa hatua ya mbele. Malkia Maria Barbara wa Hispania, mwanafunzi wa Domenico Scarlatti, aliacha piano tano katika orodha ya mali yake ya 1758, na mbili kati yake zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi.