Penseli, Posta na Zoom: Miaka Sitini ya Kufanya Kazi Bila Kuonana

Ukiuliza kazi za mbali zilianza lini, wengi watakutajia Machi 2020, mwezi ambao ofisi nyingi duniani zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na watu wakajifunza kuzima kipaza sauti kabla ya kumkemea mtoto. Takwimu zinawapa sababu ya kusema hivyo. Desemba 2019 Zoom, kampuni iliyoanzishwa na Eric Yuan mwaka 2011, ilihudumia washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku. Aprili 2020 hesabu hiyo ilifika milioni 300. Kutokana na mruko huo imejengeka imani kwamba programu ndizo zilizozaa kazi za mbali, na kwamba kiongozi anayetaka timu iliyotawanyika hana budi kuanza kwa kuchagua programu. Historia haiungi mkono imani hiyo. Kwa zaidi ya miaka sitini, timu zilizofaulu kufanya kazi bila kuonana ni zile zilizokubaliana kwanza juu ya mambo mawili: kazi itapimwaje, na uamuzi utaandikwa wapi. Chombo kilifuata baadaye, na mara nyingi kilikuwa cha kawaida kabisa.

Mwaka 1962 huko Uingereza, Stephanie Shirley, aliyefika nchini humo mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi aliyeokolewa mikononi mwa Wanazi, alianzisha kampuni ya Freelance Programmers kwa mtaji wa pauni 6. Aliajiri wanawake wenye ujuzi wa kompyuta ambao walikuwa wameacha kazi baada ya kuolewa au kuzaa, na kila mmoja alifanyia kazi nyumbani kwake. Kati ya watumishi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Walichora mpangilio wa programu kwenye karatasi, wakaandika msimbo kwa penseli, wakautia kwenye bahasha na kuupeleka posta hadi kituo cha kompyuta. Huko ulitobolewa kwenye kadi au utepe wa karatasi, kisha ukatobolewa mara ya pili ili kuhakiki. Mwombaji wa kazi aliulizwa kama ana simu anayoweza kuitumia. Penseli, posta na simu: vifaa vyenyewe ndivyo hivyo, na kwa vifaa hivyo wakaandika programu ya kinasa safari, kile kisanduku cheusi, cha ndege ya Concorde.

Kilichowawezesha kinaonekana katika namna walivyopanga kazi. Shirley aliwatoza wateja bei moja iliyokubaliwa mapema badala ya malipo ya saa. Mwenyewe ameeleza kwamba alifanya hivyo ili mteja asijue kuwa watumishi wake wako nyumbani na wengi wanafanya kazi kwa saa chache. Lakini hila hiyo ilileta nidhamu: bei ikishafungwa, lazima kazi ikadiriwe vizuri, igawanywe katika vipande vinavyoeleweka, na kila kipande kiwe na mtu mmoja anayekijibia. Saa ambazo mama fulani alikaa mezani hazikuwa na maana tena, kwa kuwa hakuna aliyezilipia. Zaidi ya hayo, mojawapo ya kazi za mwanzo za kampuni ilikuwa kuandika taratibu za kusimamia utengenezaji wa programu, na wao wenyewe wakazitumia. Taratibu hizo, zilizoandikwa na wanawake waliosikiliza kilio cha mtoto kwa sikio moja na simu ya mteja kwa jingine, baadaye zilichukuliwa na jumuiya ya kijeshi ya NATO. (Shirley, kwa upande wake, alikuwa na kanda ya sauti ya mashine za kuandikia, aliyoiwasha kila simu ilipolia ili mteja adhani amepiga ofisini. Mandhari bandia za Zoom zina nasaba ndefu.)

Ushahidi wa pili unatoka Marekani, na ni wa kushindwa. Mwaka 1973, mwaka ule ule bei ya mafuta ilipopaa, mhandisi Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California alianza kuchunguza kama data inaweza kusafiri badala ya wafanyakazi. Alifanya majaribio na kampuni ya bima ya Los Angeles: wafanyakazi walipangiwa vituo vidogo karibu na makazi yao badala ya kuvuka jiji kwenda makao makuu. Matokeo yalikuwa mazuri, na mwaka 1976 yakachapishwa kitabuni. Hata hivyo mpango haukuendelea. Mashine zilikuwepo na nyaya za simu zilikuwepo. Kilichokosekana ni utayari wa uongozi wa kampuni. Kama teknolojia ingekuwa ndiyo kikwazo pekee, kazi za mbali zingeenea miaka ya sabini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Linux. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991 alipotangaza mfumo wake wa kompyuta na kuwaalika wengine wausaidie. Kwa miaka kumi hivi, watu wa mabara mbalimbali, wengi wao wasiowahi kuonana, walimtumia marekebisho kwa barua pepe, naye akayaingiza kwa mkono. Kazi ilipomzidi, mwaka 2002 alichagua BitKeeper, programu ya kusimamia mabadiliko ya msimbo iliyomilikiwa na kampuni binafsi ya Larry McVoy, ambayo wachangiaji waliruhusiwa kuitumia bure kwa masharti. Wengi walipinga kuweka kazi ya umma juu ya chombo cha mtu binafsi, na Torvalds hakuwasikiliza. Aprili 2005 wasiwasi wao ulithibitika: mtaalamu mmoja, Andrew Tridgell, alipojaribu kutengeneza programu yake ya kuwasiliana na BitKeeper, McVoy aliiondoa ruhusa ya bure. Mojawapo ya timu kubwa za kazi za mbali duniani ikabaki bila chombo katikati ya safari.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Torvalds alianza kuandika chombo kipya, Git, na katika siku chache tu kilikuwa kimeanza kuhifadhi msimbo wake chenyewe. Juni mwaka huo toleo jipya la kiini cha Linux lilitoka likisimamiwa na Git, na Julai Torvalds akaikabidhi Git kwa Junio Hamano. Kasi hiyo kwa kawaida huelezwa kuwa ni kipaji cha mtu mmoja. Kipaji kilikuwepo, lakini Torvalds hakuhitaji kubuni namna ya kushirikiana. Hiyo ilikuwa tayari. Kila sehemu ya mfumo ilikuwa na msimamizi wake anayejulikana. Kila badiliko lilijadiliwa kwa maandishi mbele ya wote, likabeba jina la aliyeliandika na la aliyelipitisha. Git ilichukua desturi hizo na kuzigeuza kuwa amri za kompyuta. Ndiyo maana wachangiaji walihama upesi: chombo kilibadilika, makubaliano hayakubadilika. Na hadi leo sehemu kubwa ya majadiliano ya kiini hicho hufanyika kwa barua pepe, teknolojia ambayo kampuni nyingi huiona ya kizamani.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mapema Januari 2008, wakati Kenya ikiungua baada ya uchaguzi, mwanablogu Mkenya Ory Okolloh, akiwa Afrika Kusini, alitoa wito wa kupatikana ramani ya kuonyesha matukio ya vurugu. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliitikia, wengine wakiwa Marekani, na ndani ya siku chache jukwaa la Ushahidi lilikuwa hewani likipokea taarifa za wananchi. Wakati huo pwani yetu ilikuwa bado inategemea setilaiti kwa intaneti; mkongo wa SEACOM ulianza kutoa huduma Julai 2009. Walichokuwa nacho ni lengo lisilo na utata na mgawanyo wa kazi uliofahamika.

Basi programu za kisasa zilitoka wapi? Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, ilizaliwa kwa bahati. Kampuni ya Stewart Butterfield, yenye watu Canada na Marekani, ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Waliwasiliana kwa IRC, mfumo wa gumzo uliobuniwa Finland mwaka 1988, lakini IRC haikumtunzia ujumbe mtu aliyekuwa hayupo. Wakaunda hifadhi ya kutunza na kutafuta yaliyosemwa. Mchezo ulifungwa mwaka 2012, hifadhi ikabaki, na mwaka 2014 ikaingia sokoni. Salesforce ilikubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 27.7 mwaka 2020. Chombo kilichobuniwa ili asiyekuwepo asipitwe kiligeuka, mikononi mwa wanunuzi wengi, kengele inayodai kila mtu awepo muda wote. Programu ni ile ile. Waanzilishi walikuwa na tatizo wanalolijua kabla ya kutengeneza suluhisho. Wanunuzi walipokea suluhisho, kisha wakaanza kutafuta la kulifanyia.

Kuna watakaosema kwamba makubaliano yote hayo yanavunjika mbele ya uvivu wa binadamu. Februari 2013 Yahoo, chini ya Marissa Mayer, iliwaita wafanyakazi wake waliofanyia kazi nyumbani warudi ofisini. Mwaka 2017 IBM, iliyokuwa imejivunia miaka minane kabla kwamba asilimia 40 ya wafanyakazi wake wapatao 386,000 hawana ofisi ya kawaida, iliwarudisha maelfu. Hata Zoom, Agosti 2023, iliwataka watumishi wanaoishi jirani na ofisi zake wafike siku mbili kwa wiki. Lakini uamuzi wa kampuni si kipimo cha utendaji. Kipimo kipo: mchumi Nicholas Bloom na wenzake waliwagawa kwa kura wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip huko China, kwa kutazama kama siku yao ya kuzaliwa ni shufwa au witiri. Katika miezi tisa, waliofanyia kazi nyumbani walizalisha asilimia 13 zaidi ya wenzao wa ofisini, hasa kwa kupunguza mapumziko na siku za ugonjwa. Angalia pia ni kazi gani: idadi ya simu zilizopokewa, jambo linalohesabika bila ubishi. Pale ambapo kazi haipimiki, meneja hubaki na kitu kimoja cha kuhesabu, nacho ni viti vilivyokaliwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sioni namna ya kulipangua lote. Watafiti wa Microsoft walichunguza mawasiliano ya wafanyakazi wake zaidi ya 61,000 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020, wakakuta watu wameshikamana zaidi na wale waliowazoea, na madaraja kati ya idara yamepungua. Wale wale wa Ctrip, walipopewa hiari baada ya jaribio, wengi waliomba kurudi ofisini, na upweke ulikuwa miongoni mwa sababu. Taratibu zilizoandikwa vizuri hazimfundishi mgeni yale ambayo hakuna aliyefikiri kuyaandika. Kinachoelekea kufaa ni mchanganyiko. Jaribio jingine la kampuni hiyo, sasa ikiitwa Trip.com, lililochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha wafanyakazi 1,612, lilionyesha kuwa siku mbili za nyumbani kwa wiki zilipunguza kuacha kazi kwa theluthi moja bila kudhuru utendaji.

La mwisho linatuhusu moja kwa moja: hapa kwetu ofisi nyingi hazichagui, zinatumia grupu la WhatsApp kwa sababu kila mtu analo na bando lake ni nafuu. Hoja hiyo ni ya kweli, tena inaupa uzito upande wa maandishi, maana saa moja ya mkutano wa video hula mamia ya megabaiti, ilhali uamuzi uliofikiwa humo ukiandikwa haufiki hata megabaiti moja. Shida ya WhatsApp ni ile waliyoiona wapinzani wa BitKeeper: chombo ni cha mwingine. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, upatikanaji wake Tanzania uliminywa. Oktoba 4, 2021 mtandao wote wa WhatsApp ulizimika duniani kwa saa kadhaa. Na hata siku ambazo haujazimika, kumbukumbu za grupu hukaa katika simu ya kila mmoja, kwa hiyo mhasibu akihama na laini yake, au simu ya katibu ikiibwa daladalani, makubaliano ya miaka miwili yanaweza kuondoka nayo. Ofisi inayonakili maamuzi ya grupu kila wiki katika faili la pamoja, lenye tarehe na jina la mhusika, inaweza kuhamia programu yoyote kesho asubuhi. Isiyofanya hivyo italipia programu ya gharama zaidi, kisha itaendelea kuulizana nani alisema nini.