Mnara wa Bagamoyo na Watu Waliojenga Kanisa

Mgeni afikaye Bagamoyo huonyeshwa mnara wa mawe wa kanisa la zamani la misioni, nao huitwa Mnara wa Livingstone. Akiuliza sababu, huambiwa ya kuwa maiti ya Daktari Livingstone ililazwa humo usiku mmoja, tarehe 24 Februari 1874. Habari hii ni ya kweli, wala hatuikatai. Lakini twaona ajabu kidogo. Mnara ni wa kanisa katoliki, ulijengwa kwa mikono ya watu waliotoka utumwani, na jina lililoushika ni la Mskoti aliyekuwa Mprotestanti, ambaye hakuweka jiwe hata moja pale. Kanisa lile lilipojengwa yeye alikuwa mbali bara, naye hakuingia ndani yake akiwa hai. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za parokia hii tangu mwanzo, ili waliojenga nao wapate kutajwa.

Watu husema Bagamoyo ndipo mlango wa Ukatoliki katika Afrika ya Mashariki. Kwa bara ya Tanzania, na kwa nyakati hizi zetu, ndivyo. Lakini tusisahau ya kuwa zamani za Wareno walikuwako mapadre Waagustino Mombasa, tangu mwisho wa karne ya 16, na Wakristo wengi wa mji ule wakauawa mwaka 1631. Mbegu ile haikuendelea. Ilipita miaka zaidi ya mia mbili, ndipo Padre Fava alipofika Unguja mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Mwaka 1863 kazi yao ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mkuu wao alikuwa Padre Antoine Horner.

Unguja palikuwa na soko la watumwa, tena kubwa. Mapadre walikwenda sokoni wakanunua watoto, wakawatoa katika utumwa, wakawaweka katika nyumba yao kufundishwa dini na kazi za mikono. Fedha zilitoka kwa Wakristo wa Ulaya, na nyingine zilichangwa na watoto wenzao wa huko, senti kwa senti, kwa njia ya Shirika la Utoto Mtakatifu. Watoto walipozidi, mahali pakawa padogo. Wakatafuta ardhi mrima, na kwa ruhusa ya Sultani Majid wakapata mahali Bagamoyo. Mwezi wa Machi mwaka 1868 Padre Horner na Padre Baur wakavuka bahari, na msalaba ukasimikwa pwani. Mwaka huo huo wakapanda mbuyu, ambao hata leo umesimama, mnene kupita kiasi. Shinani mwake mna kipande cha mnyororo. Yasemwa kilifungwa na bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, mwaka 1895, kwa ajili ya kufungia punda wake, akakiacha, na mti ukakimeza polepole. Wageni wengi wakikiona hudhani ni mnyororo wa watumwa, lakini ni wa punda tu.

Hatuna budi kueleza mambo haya kwa haki. Mtoto aliyenunuliwa sokoni na kupelekwa Bagamoyo hakuulizwa kama apenda kwenda. Aliokolewa na mjeledi wa bwana, hilo ni jambo kubwa, lakini alijiona mikononi mwa watu wengine wageni, wenye lugha asiyoijua. Siku yake ilipangwa kwa kengele: sala, darasa, shamba, karakana, sala tena. Akikua alioa binti aliyelelewa na masista, nao wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo, kilichowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu. Siku nyingine walifanya kazi ya misioni, siku nyingine yao wenyewe. Wengi walikaa, wakazaa, wakamzika padre aliyewalea. Wengine hawakuona kuwa huo ndio uhuru waliouwaza, wakatoroka. Tena mtu aweza kuuliza kama fedha iliyolipwa sokoni haikumnenepesha mwuza watu. Twaona swali hili ni la haki. Hata hivyo, mtoto aliyesimama sokoni siku ile hakuweza kungoja mpaka wakubwa wapatane. Soko lenyewe halikufungwa ila mwezi wa Juni mwaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza. Baada ya hapo, watu walionaswa na manowari za Kiingereza katika majahazi waliletwa kwa misioni mbalimbali, na Bagamoyo ikapata fungu lake.

Basi kazi ilianza kwa nyumba za miti na makuti. Mwaka 1871 ikapandwa miembe katika njia iendayo baharini, nayo yatoa kivuli hata sasa. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 ikavuma tufani kubwa Unguja na mrima. Ikang'oa minazi, ikazamisha vyombo, na majengo ya misioni yakaanguka karibu yote. Kazi ya miaka minne ilikuwa imekwisha kwa siku moja. Wengine wangalirudi Unguja. Wao wakaanza tena, na safari hii kwa mawe.

Kujenga kwa mawe pwani si kazi ya mchezo, na wenyeji wa bara wasiojua tutawaeleza. Mawe ni ya matumbawe, huvunjwa pwani maji yakipwa, hubebwa kichwani, huachwa yakauke. Chokaa nayo hutoka katika matumbawe hayo hayo: hupangwa magogo duara, juu yake mawe, huwashwa moto, hungojwa mpaka mawe yawe meupe na kulegea, kisha humwagiwa maji au huachiwa mvua, hata yakawa unga. Boriti ni za mikoko. Mabruda walikuwa mafundi na wasimamizi, lakini mabega yaliyobeba mawe yalikuwa ya vijana na wanawake waliokombolewa. Ndivyo lilivyosimama kanisa la mwaka 1872 na mnara wake. Mwaka 1876 wakajenga pia pango la Bikira Maria wa Lourdes, miaka 18 tu baada ya matokeo ya Lourdes yenyewe.

Sasa turudi kwa mgeni wa usiku mmoja. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake wakauzika moyo wake pale pale chini ya mti, wakaikausha maiti kwa chumvi na jua, wakaifunga kama mzigo, wakaichukua mwendo wa maili zaidi ya 1,000 hata pwani, muda wa miezi kama tisa. Wakuu wao walikuwa Susi na Chuma, na Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko ya moyo. Chuma na Wainwright wenyewe walikuwa wameokolewa utumwani wakiwa watoto. Walipofika Bagamoyo, mapadre wakawapokea bila kuuliza marehemu alikuwa wa dhehebu gani. Hivyo watu waliotolewa utumwani walileta maiti katika kanisa lililojengwa na watu waliotolewa utumwani. Kesho yake ikachukuliwa Unguja kwa manowari, na mwezi wa Aprili ikazikwa London katika kanisa la Westminster. Kwa maoni yetu, kama mnara lazima uitwe kwa jina la safari ile, jina la Chuma lingefaa vilevile.

Kijiji cha Mtakatifu Yosefu hakikuwa mwisho wa mpango. Padre Horner alitaka Wakristo wale waliooana wawe chachu ya vijiji vipya huko bara. Mwaka 1877 baadhi yao wakatoka na mapadre kufungua misioni ya Mhonda, katika milima ya Nguru. Baadaye zikafuata Mandera, Morogoro na nyingine, na mwaka 1890 Askofu de Courmont akafika Kilema, Kilimanjaro. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo kwenda maziwa makuu. Msomaji wa Tabora au wa Bukoba aweza kufuata njia ya imani ya babu zake nyuma, nyuma, hata akafika pwani hii.

Mwaka 1888 vita vikazuka. Watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliwapinga Wadachi wa kampuni waliojitwalia forodha na bendera. Mji wa Bagamoyo ukapigwa mizinga, na watu maelfu, Waislamu kwa Wakristo, wakakimbilia uwanja wa misioni wakakaa chini ya miembe. Mwezi wa Januari 1889 misioni ya Wabenediktini ya Pugu ilishambuliwa na watu wakauawa, lakini misioni ya Bagamoyo haikuguswa. Twafikiri sababu si kwamba mapadre wake walikuwa Wafaransa tu. Walikuwa wamekaa na majirani miaka ishirini, wakafahamika. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka ule.

Habari za elimu tutazigusa kidogo tu. Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, alikusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka mwaka 1939. Aliyeifungua ajua jinsi lugha ya watu wa pwani ile ilivyohifadhiwa humo.

Kanisa kubwa lililopo sasa, la Roho Mtakatifu, lilimalizika mwaka 1914. Jambo la kushangaza ni kwamba lilijengwa wakati mji unapungua. Serikali ya Wadachi ilikuwa imehamia Dar es Salaam tangu 1891. Reli ilitoka huko huko, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya wapagazi ikakoma. Bagamoyo ikabaki mji wa wavuvi na wakwezi, Waislamu wengi na Wakristo wachache, na katikati ya minazi kanisa lililotosha mji mkubwa. Mwaka uo huo Vita Kuu vikaanza, na mwaka 1916 Waingereza wakautwaa mji.

Nyumba ya zamani ya masista sasa ni makumbusho, na makaburini mna misalaba ya mapadre, mabruda na masista, wengi wao vijana walioondolewa na homa. Majina yao yasomeka. Ya wale waliochoma chokaa ni shida zaidi, kwa kuwa wakibatizwa walipewa majina ya watakatifu wa Ulaya, na majina waliyopewa na mama zao mara nyingi hayakushikwa. Wako wasomaji wetu, pwani na Mhonda na Morogoro, ambao babu zao walitoka kijiji cha Mtakatifu Yosefu. Kama nyumbani kwenu lingali likitajwa jina moja la namna hiyo, la kabila na si la ubatizo, liandikeni katika daftari, pamoja na nchi alikotoka mwenye jina, na nakala moja mumpelekee paroko wenu.