Kitumbua katika Jani la Mgomba

Kabla ya shule za vidudu kuenea katika miji ya pwani yetu, mtoto aliyekwisha kutoka katika mbeleko alipelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akaketi jamvini kando ya ndugu zake wakubwa. Na riziki yake ya asubuhi ilikuwa amana ya mama, aliyeamka alfajiri kumtengenezea kile ambacho meno machache yangeweza kukitafuna.

Kitumbua, kwa rai yangu, ndicho kilichofaa kuliko vyote: mchele ulioroweshwa usiku kucha, ukatwangwa, ukachanganywa na tui la nazi, ukaumuliwa kwa hamira, na zama za kale zaidi kwa tembo la mnazi, kisha ukachomwa hata ukawa laini, usio na mwiba wala mfupa wa kumkwama mwana kooni. Kilifungwa katika jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto ili lilegee lisipasuke, nalo lilipokwisha kazi lilitupwa, wala hapakuwa na chombo cha kuosha. Samaki, hata akiwa mtamu namna gani, alingojea adhuhuri nyumbani, ambako palikuwa na mkono wa kumtoa miiba.

Huko Unguja, mama aliyekosa wasaa aliweza kumkabidhi mkubwa pesa ya shaba, ile ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, yenye sura ya mizani, wakanunue njiani kwa bibi muuza vitumbua, naye aliwapa vya moto.