Medali ya jeraha: mzee wa Burma anadai nini hasa, na anamdai nani?

1/ Kila Mashujaa Dei, na kila msimu wa kampeni, hii stori hurudi. Mtu anapanda jukwaani anasema wazee waliopigania Waingereza wamesahaulika na lazima walipwe. Makofi. Mwingine anajibu ati hao walikuwa watumishi wa mkoloni, waachwe hivyo hivyo. Makofi tena. Kisha mkutano unaisha, na familia ya mzee inarudi nyumbani na swali lile lile.

Uzi huu hauna chama. Nataka tutenganishe vitu vitatu ambavyo huchanganywa kila mara: medali, pesa na jina. Kila kimoja kina historia yake, na kila kimoja kina mtu tofauti wa kuulizwa.

2/ Kwanza, walienda wapi? Sisi wa Kajiado vita vilipita mlangoni. Novemba 1914 jeshi la Uingereza lilitoka upande wa Namanga kwenda kuwashambulia Wajerumani kule mlima Longido. Likashindwa, likarudi. Baada ya hapo vita viliendelea Afrika Mashariki mpaka 1918, na mizigo yake ilibebwa na watu kwa vichwa na mabega. Jina Kariakor pale Nairobi limetokana na hicho kikosi cha wapagazi. Waliochukuliwa Kenya peke yake walikuwa zaidi ya laki moja, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao waliuawa na njaa na magonjwa, sio risasi.

Wengine walikataa. Mwaka 1918, kule Ololulunga, Narok, jaribio la kuwaandikisha morani kwa lazima liliishia kwa damu.

3/ Vita vya pili, karibu Wakenya 98,000 walivaa sare. Askari wa King's African Rifles, wale wazee wanawaita Keya, walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941, wakaenda Madagascar 1942, halafu Burma 1944. Kule Burma Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua, kwenye matope na malaria, mpaka mto Chindwin.

Kuna walioishia baharini. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani karibu na Maldives ikitoka Mombasa. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache tu.

4/ Sasa medali. Babu yangu mzaa mama alirudi kutoka Burma na kovu kwenye paja na nyota moja ya rangi ya shaba. Miaka yake ya mwisho, hapa Kona Baridi, alianza kuulizia medali ya jeraha. Alikuwa amesikia kwamba askari wa Kimarekani akipigwa risasi hupewa nishani yake. Akauliza, "Na hii yangu ya mguu iko wapi?" Mama akanipa mimi hiyo kazi ya kutafuta jibu.

Jibu fupi ni kwamba haikuwepo. Marekani ina Purple Heart, ambayo asili yake ni beji ya mwaka 1782 na ilifufuliwa 1932. Ukijeruhiwa na adui, ni haki yako. Uingereza haikuwahi kuwa na medali kama hiyo. Ilichokuwa nacho ni kijiti cha shaba cha kushona kwenye mkono wa kushoto wa koti, kilichoanzishwa 1916, kikafutwa baada ya vita, kikarudishwa 1944. Hata Msalaba wa Elizabeth ulioanzishwa 2009 ni wa familia za waliokufa kazini, sio wa waliojeruhiwa.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi kwamba atahakikisha mzee wa Keya anapata "medali yake ya jeraha" kutoka London, muulize ni gani hiyo. Mzungu wa Manchester aliyekatwa mguu hakuipata pia.

5/ Lakini msifunge mjadala hapo, kwa sababu hapa ndipo watu huteleza. Kukosekana kwa medali ya jeraha hakumaanishi kwamba wote walitendewa sawa.

Ile nyota ya babu: mbele ina herufi za mfalme, nyuma ni laini kabisa. Nyota za vita vya pili ambazo Uingereza ilitoa hazikuchorwa jina la mwenyewe. Askari wa India na wa Afrika Kusini, majina yao yaliandikwa kwenye zao. Unaona shida? Mzee akifa na karatasi zimeliwa na mchwa, hiyo nyota inaweza kuwa ya mtu yeyote. Haishuhudii chochote. Ni chuma tu kwenye mkebe wa majani chai.

6/ Tuje kwa pesa. Vita vilipoisha, kila askari alipewa kiinua mgongo kulingana na cheo na miezi aliyotumikia. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitoa hadharani nyaraka za wakati huo zikionyesha kwamba kiwango kilipangwa pia kwa rangi. Mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyekuwa akiishi koloni alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi. Mwafrika wa cheo hicho hicho, shilingi 3 na nusu. Jeshi moja, vita vile vile, malaria ile ile.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza takriban pauni milioni 12 kwa wapiganaji wa zamani wa Jumuiya ya Madola wanaoishi kwa umaskini, ili wapate milo miwili kwa siku. Ni jambo jema, njaa haingoji. Ila tuite kitu kwa jina lake: huo ni msaada. Deni ni lile la tofauti kati ya 10 na 3 na nusu, na hilo halikuguswa.

7/ "Mbona wanadai leo? Walikuwa wapi miaka yote?" Hili swali huulizwa sana, na sio la kijinga. Mahakama hulichukulia kwa uzito. Angalieni kesi za Mau Mau, kwa sababu ndizo kipimo tulicho nacho.

Oktoba 2012 jaji wa Mahakama Kuu ya London aliruhusu wazee watatu wa Kenya waendelee na kesi ya mateso ya miaka ya hamsini, licha ya muda. Kwa nini? Maandishi yalikuwepo mengi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekiri 2011 kwamba ilificha mafaili ya makoloni mahali panapoitwa Hanslope Park. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Halafu wakaja wengine zaidi ya 40,000 na kesi yao. Novemba 2018 ikatupwa. Safari hii mahakama iliona muda umepita sana kwa kesi ya haki, mashahidi wamekufa na kumbukumbu zimefifia.

Nchi ni ile ile, mahakama ni ile ile, mambo ni ya miaka ile ile. Ushahidi ndio uliotofautiana. Yaani anayechelewesha jibu, saa inamfanyia kazi. Kila mwaka unaopita bila kuandika ya mzee mmoja ni ushindi kwa upande unaodaiwa.

8/ Je, kuna nchi zimewahi kurekebisha mambo kama haya baada ya miongo? Ndio.

Marekani, Januari 1997: wanajeshi saba weusi wa vita vya pili walipewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa, zaidi ya miaka 50 baadaye. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba hakuna hata mweusi mmoja aliyekuwa ameipata katika vita hivyo. Kati ya saba, mmoja tu, Vernon Baker, ndiye alikuwa bado hai.

Ufaransa iligandisha pensheni za wapiganaji wake Waafrika kuanzia 1959. Mwaka 2006 ikaamua kulinganisha baadhi ya malipo hayo na ya Wafaransa. Na kule Thiaroye, Senegal, tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake Waafrika waliokuwa wanadai mishahara. Ilichukua mpaka 2024 kwa Ufaransa kuwatambua sita kati yao kuwa walikufa kwa ajili yake.

Kwa hivyo mtu akisema "haiwezekani, muda umepita", mwambie imewezekana. Lakini ongeza pia kwamba ilichukua muda mpaka karibu wote wakafa.

9/ La tatu ni jina, na kwangu ndilo zito zaidi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa vita vya kwanza hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Pale katikati ya Nairobi kuna sanamu ya askari na mpagazi. Mnaipita kila siku mkikimbilia matatu. Ni sanamu nzuri. Lakini hao ni kundi, sio watu. Mzungu aliyekufa Longido ana jiwe lenye jina, umri na kikosi. Mpagazi aliyekufa akimbebea maji alihesabiwa pamoja na wengine, kama alihesabiwa.

10/ Sasa ile hoja ya "walitumikia mkoloni". Ni kweli, Keya ilikuwa jeshi la mkoloni. Ni kweli pia kwamba kuanzia 1952 batalioni zake zilitumwa msituni kuwawinda Mau Mau. Tusiifiche. Lakini Waruhiu Itote, yule Jenerali China, alijifunza vita Burma akiwa ndani ya Keya hiyo hiyo, kisha akaingia Mlima Kenya kupigana na waliomfundisha. Askari mmoja, sare moja, njia mbili. Mtu anayetaka kuwaweka wote kwenye gunia moja, la mashujaa au la vibaraka, hajasoma.

Na mshahara uliokatwa kwa sababu ya rangi ni mshahara uliokatwa, hata kama hupendi kazi aliyoifanya mtu.

11/ Kwa hivyo ukikutana na mgombea anayetumia hawa wazee kutafuta kura, muulize maswali matatu:

Unadai medali, pesa au jina? 
Unamdai nani: London au Nairobi? Maana kiinua mgongo kilipangwa na Uingereza, lakini orodha ya majina, mnara wa kaunti, na somo shuleni havihitaji ruhusa ya mtu yeyote Ulaya. 
Ushahidi uko wapi, na wewe umekusanya wa wangapi?

Hilo la mwisho ndilo huwanyamazisha.

12/ Mkiwa na mzee au mjane wake bado hai, fanyeni hivi wiki hii. Tafuteni kitabu cha kuachishwa jeshi, namba ya jeshi, picha, barua. Pigeni picha kila kitu pande zote mbili. Mrekodini kwa simu, kwa lugha anayoiota usiku: kikosi gani, afisa gani, alijeruhiwa wapi, nani alimbeba. Andikeni tarehe ya kurekodi na majina ya waliokuwepo.

Sisi tulimuuliza babu haya yote tukiwa tumechelewa, na alichokumbuka vizuri kilikuwa jina la mwenzake aliyemvuta kutoka kwenye matope. Tumeliandika, pamoja na lake, kwenye karatasi ndani ya ule mkebe. Angalau sasa nyota ina mwenyewe.