Matuta ya Mlalo

Kila niendapo maonyesho ya Nane Nane, Morogoro, nakuta mabanda yamejaa wasemaji. Mkulima hupewa karatasi, akapita. Hapo huyakumbuka matuta ya Mlalo.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi udongo, kisha ikaueneza Usambara. Nia haikuwa mbaya, maana milima yetu ni mikali na mvua huchukua udongo. Lakini watu waliitwa barazani kupokea amri, si kushauriana. Asiyechimba matuta alitozwa faini. Nilikuwa mtoto mdogo. Namkumbuka mama akirudi shambani mikono imechubuka. Wanawake ndio walioshika jembe, wala hakuna aliyewauliza neno. Na Washambaa walikuwa na la kusema: tangu kale wana usemi wao, kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Upinzani ulikua, TANU ikauunga mkono, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Ningependa kuwalaumu wakoloni peke yao. Lakini chuo cha ualimu kilinifundisha kusema mbele ya watu, nami nikiwa mwalimu mkuu nilisema sana. Siku moja, katika mkutano wa wazazi, nilihutubia saa nzima juu ya utoro. Nilipokuwa nafunga daftari, mama mmoja alisimama nyuma akauliza kwa upole, "Mwalimu, na sisi tutasema lini?"

Nililifungua tena daftari. Siku hiyo ndipo nilipojua kwa nini watoto walikuwa hawaji shule.