Safari ya kuasili mtoto

Safari ya kuasili mtoto ni safari ambayo mtu au wanandoa hufunga kwenda nchi nyingine ili kumpokea mtoto ambaye watakuwa wazazi wake kisheria. Mara nyingi safari hiyo huunganisha mambo mawili: kukamilisha hati katika ofisi za serikali au mahakama, na kutembelea vivutio vya nchi alikozaliwa mtoto.

Muda wa safari hutegemea sheria ya nchi husika. Nchini China wazazi wengi kutoka nje walikaa wiki mbili hivi. Nchini Tanzania sheria inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuasili. Tofauti hiyo inagusa jambo kubwa: mzazi anaijua kwa kiasi gani nchi ambayo mtoto atamwuliza habari zake baadaye.

## Maana ya kuasili

Kuasili ni kumfanya mtoto aliyezaliwa na wengine kuwa mtoto wako mbele ya sheria. Haki na wajibu wa wazazi wa kwanza huhamia kwa wazazi wapya, na mtoto hutunzwa kama aliyezaliwa na hao waliomwasili.

Kuasili ni tofauti na malezi ya kambo, ambayo mtoto hulelewa na familia nyingine kwa muda bila kukata uhusiano wa kisheria na wazazi wake. Pia ni tofauti na desturi ya Waafrika wengi, wakiwemo Wafipa, ambapo yatima hulelewa na bibi, babu, shangazi au mjomba bila kwenda mahakamani. Katika desturi hiyo mtoto habadilishi ukoo, na kwa kawaida anajua wazazi wake walikuwa nani na wamezikwa wapi.

## Mfano wa China

China ilitunga sheria ya kuasili mwaka 1991, ikaanza kutumika mwaka 1992. Wakati huo sera ya mtoto mmoja kwa kila familia ilikuwa na nguvu, na watoto wengi, hasa wa kike, waliachwa sokoni, barabarani au kwenye milango ya hospitali. Tangu hapo watoto zaidi ya 160,000 walipelekwa nchi za nje. Takriban nusu yao walikwenda Marekani, ambako idadi ya mwaka mmoja ilifikia kilele mwaka 2005 kwa watoto 7,903.

Safari yenyewe ilikuwa na hatua zilizozoeleka. Wazazi wengi walifikia kwanza Beijing, wakatembelea Ukuta Mkuu, kasri la wafalme wa zamani na uwanja wa Tiananmen. Kisha walikwenda mji mkuu wa jimbo la mtoto. Huko walikabidhiwa mtoto, wakamsajili na kungoja pasipoti yake. Siku za kungoja zilijazwa na matembezi ya mahekalu, bustani na masoko. Waliotoka Marekani walimalizia Guangzhou kwa sababu ya viza ya mtoto. Kwa miaka mingi wengi wao walilala katika hoteli za kisiwa cha Shamian, mtaa wenye majengo ya Kizungu uliowahi kuwa chini ya Waingereza na Wafaransa.

Matembezi hayo yalikuwa na faida. Mzazi alipata picha na vitu vya kumwonyesha mtoto atakapokua. Lakini vivutio vikubwa vya Beijing mara nyingi vilikuwa mbali sana na kijiji au mji wa mtoto mwenyewe. Watoto wengi waliookotwa walipewa jina na tarehe ya kuzaliwa na makao yaliyowalea, hivyo hati zao hazikuwa na majina ya wazazi. Wengi wa waliokua ughaibuni wamerudi China wakiwa watu wazima kutafuta mahali walipookotwa, na baadhi yao wametumia vipimo vya vinasaba ili kuwapata ndugu.

Suala la fedha nalo lilileta matatizo. Kwa miaka mingi kila familia ilitoa mchango wa takriban dola 3,000 za Marekani kwa makao ya mtoto. Mwaka 2005 iligundulika katika jimbo la Hunan kwamba baadhi ya makao yalikuwa yakinunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara haramu, kisha kuwatoa kwa wageni kama watoto walioachwa. Mnamo Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba imekomesha kupeleka watoto wake nje, isipokuwa kwa wageni wanaoasili watoto wa ndugu zao wa karibu au watoto wa wenzi wao.

## Afrika Mashariki na Kati

Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 unaelekeza kwamba mtoto atafutiwe kwanza familia katika nchi yake, na kwamba asiwe chanzo cha faida ya fedha. Burundi, Kenya na Rwanda zimejiunga na mkataba huo. Tanzania na Uganda hazijajiunga.

Nchi kadhaa za eneo hili zimefunga au kubana mlango baada ya mashaka kuhusu hati za kughushi na wazazi waliodanganywa:

* Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa mnamo Septemba 2013. Familia nyingi za nje zilibaki zikingoja watoto ambao mahakama ilikwisha kuwapa.
* Kenya ilisimamisha uasili wa wageni mnamo Novemba 2014.
* Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2016. Awali wageni wengi walikuja kwa muda mfupi, wakapewa amri ya ulezi tu na kuondoka na mtoto. Sasa mgeni anatakiwa kuishi nchini na kumlea mtoto kwa mwaka 1.
* Ethiopia, iliyokuwa ikipeleka nje watoto wengi kuliko nchi nyingine za Afrika, ilipiga marufuku kabisa mwaka 2018.

## Tanzania

Upande wa Tanzania Bara jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Kabla ya kutoa amri, mahakama hupokea taarifa ya ofisa ustawi wa jamii, hutazama kama wazazi wa mtoto wameridhia bila kushurutishwa wala kulipwa, na huzingatia maoni ya mtoto mwenye umri wa kuyaeleza. Amri ikishatolewa, huandikwa katika daftari maalumu la watoto walioasiliwa.

Mgeni ana masharti ya ziada. Pamoja na kuishi nchini miaka 3 mfululizo, lazima amlee mtoto kwanza chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, na athibitishe kwamba nchi yake itaitambua amri ya mahakama ya Tanzania. Kwa sababu hiyo mtalii anayekuja kwa wiki mbili hawezi kuondoka na mtoto kwa njia halali.

Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo pia inatambua kafala, yaani malezi ya kudumu kwa taratibu za Kiislamu ambapo mtoto habadilishi nasaba.

## Ufipa na Rukwa

Mkoani Rukwa, mtoto asiye na mlezi huripotiwa kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye huanza kwa kutafuta ndugu. Mahakama Kuu ina masjala mjini Sumbawanga, hivyo mwombaji wa Rukwa halazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000.

Nyanda za juu za Ufipa haziko katika njia kuu za watalii. Anayeishi huko kwa miaka hukutana na mambo ambayo ni sehemu ya asili ya mtoto wa huko: lugha ya Kifipa, baridi ya Sumbawanga, mji ulio mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, mashamba ya mahindi na ulezi, migebuka na dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Vivutio vyake ni pamoja na:

* Maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Zambia, yenye kimo cha zaidi ya mita 200
* Ziwa Rukwa, katika bonde lililo mashariki mwa nyanda hizo
* msitu wa Milima ya Mbizi karibu na Sumbawanga
* malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambayo wahunzi wa Kifipa walitumia kuyeyushia chuma
* Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Bismarckburg wakati wa Wajerumani

### Adriano Atiman

Eneo hili lina kumbukumbu ya zamani ya mtoto aliyelelewa mbali na kwao. Adriano Atiman alizaliwa mnamo 1866 hivi karibu na mto Niger, katika Mali ya leo. Alitekwa na wauza watumwa akiwa mdogo, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, wakampeleka kusoma utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu wagonjwa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Wamisionari hao waliwalea pia Karema watoto wengine waliokombolewa utumwani. Huko hakukuwa kuasili kwa maana ya sheria ya leo, lakini watoto hao walipoteza kwao na kupewa makazi mapya na watu wa mbali.

Karema ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Hospitali moja mjini Sumbawanga ina jina la Atiman.

## Tazama pia

* Haki za watoto
* Yatima
* Mkoa wa Rukwa
* Wafipa
* Maporomoko ya Kalambo