Ukaguzi na Tathmini: Funzo la Mradi wa Karanga

Maneno ukaguzi na tathmini hukutana kila siku katika barua na taarifa za ofisi, na aghalabu hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa kisa kimoja cha historia yetu, hasara inayoweza kufichika pale maneno hayo yanapochanganywa.

Kukagua ni kutazama kitu kwa makini ili kuona kama kiko jinsi kinavyotakiwa kuwa. Mkuu wa jeshi hukagua gwaride, na mkaguzi wa hesabu hukagua vitabu vya fedha. Tathmini ina asili ya Kiarabu, nayo ni ndugu wa neno thamani. Anayetathmini hupima kitu kina thamani gani. Wa kwanza huuliza kama kanuni zimefuatwa, na wa pili huuliza kama kazi yenyewe yastahili gharama yake.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikisumbuliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma tume ya watu watatu chini ya John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Tume hiyo ilizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ikisafiri kwa ndege, kisha ikapendekeza zilimwe ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama zilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Kazi ikaanza bila shamba la majaribio.

Huko Kongwa lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Matrekta, ambayo mengi yalikuwa yamekwisha kutumika kwingine, yaliharibika upesi katika vichaka vile. Mvua zilikuwa haba, na udongo wa mfinyanzi, ulipokauka, uligeuka mgumu kama saruji hata kung'oa karanga kukawa taabu kubwa. Mwezi Machi 1948 mradi ulikabidhiwa Shirika la Chakula la Ng'ambo. Hesabu za Shirika hilo za mwaka ulioishia Machi 1949 zilipotolewa, wakaguzi hawakukubali kwamba vitabu vilikuwa vimetunzwa ipasavyo, na jambo hilo likazusha mjadala mkali katika Bunge la Uingereza. Mwezi Januari 1951 mradi ulisimamishwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu kuwa ni hasara.

Hapa yafaa msomaji ajiulize: lau vitabu vile vingalitunzwa vizuri, kila pauni ikawa na stakabadhi yake, je, mradi ungalisalimika? La. Udongo wa Kongwa haukuandikwa katika daftari la mhasibu. Kwa upande mwingine, tathmini iliyofanywa baada ya mradi kufa ilieleza hasara bila kuizuia. Kilichokosekana ni uchunguzi wa usimamizi wakati kazi ikiendelea: nani aliweka lengo la ekari 150,000, kwa vipimo gani vya mvua, na je, habari za shamba zilimfikia mwenye uwezo wa kubadili mpango?

Dunia ilichelewa kuupa uchunguzi wa namna hiyo nafasi katika sheria. Azimio la Lima la mwaka 1977, lililopitishwa na ofisi kuu za ukaguzi za nchi mbalimbali, liliutambua kuwa una uzito sawa na ukaguzi wa hesabu. Uingereza iliuweka katika sheria mwaka 1983, ili mkaguzi achunguze kama fedha zilitumiwa bila israfu, kama kazi iliendeshwa vizuri, na kama lengo lilifikiwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 ilimpa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mamlaka hayo, na kazi hiyo huitwa ukaguzi wa ufanisi.

Kwa hiyo istilahi tunazo. Lililobaki ni kuzitumia kwa uangalifu. Sentensi "mradi umekaguliwa" haitoshi katika taarifa ya serikali, kwa sababu meneja aliyekaguliwa stakabadhi zake tu anaweza kujikinga nayo. Mfasiri na aeleze kilichokaguliwa: kama ni hesabu, aandike ukaguzi wa hesabu, kama ni uendeshaji, aandike ukaguzi wa ufanisi, na neno tathmini alihifadhi kwa kupima thamani na matokeo ya kazi. Mwalimu naye awafundishe wanafunzi wake kuuliza swali hilo hilo kila wasomapo taarifa. Wananchi ndio wanaolipa gharama za miradi, na ni haki yao kujua ni kitu gani hasa kilichotazamwa, na ni kipi ambacho hakuna aliyekitazama.